Wakuu, shamba la ekari 3 Mufindi: nipande milingoti au mipaina?

Kijana wa Vilimani (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nipo Dar, kazi za kuungaunga. Nina ekari 3 Mufindi alizoniachia marehemu mzee, zimejaa majani tangu 2019. Mvua ndiyo hizi, zikikata nimepoteza mwaka mzima. Nimesoma nyuzi za humu hadi kichwa kinauma: huyu anasema mlingoti unakausha ardhi, yule kasomeshea watoto kwa nguzo za milingoti. Rafiki yangu ndiyo kabisa, anasema miti ya kigeni ni laana. Nipande ipi? Silali.

Dingidongi
Paina. Mti wa miaka 18 na kuendelea, watu wanaukata wa miaka 9 kwa njaa, halafu wanashangaa mbao kupinda. Ndizo ninazopasua kila siku. Ukiwa na haraka ya hela fuga kuku. Na usisahau barabara za moto, zile njia tupu za kuzuia moto usivuke, paina likishika halina msamaha.

Mama Hass
Parachichi. Njombe watu wanang'oa miti wanaweka parachichi. Karibu nikuuzie miche.

Mlokole wa Makambako
Mungu aliweka miti ya asili kwa makusudi yake. Binadamu kwa tamaa akaleta mlingoti toka Australia na paina toka Mexico. Tutubu.

Dingidongi
Mtumishi, na mahindi je? Yametoka bara la Amerika. Mihogo hivyo hivyo. Na parachichi la Mama Hass ni jirani yake paina huko huko Mexico. Tukifukuza wageni wote, leo unakula nini?

Mzigua Mweusi
Wageni hawafanani. Nimekulia Amani, Muheza. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale 1902, wakakusanya miti ya kila pembe. Mingine ipo palepale ilipopandwa, haimsumbui mtu. Sasa njoo kwenye msizi. Ndege hondohondo anapenda tunda lake, anameza, anaenda kunya katikati ya msitu. Mti mkubwa ukianguka, jua likaingia, msizi unawahi kabla ya wenyeji kuamka. Na huo haukutoka Ulaya wala wapi, ni mti wa Bukoba na Uganda. Mgeni ndani ya nchi yake.

Omwami
Musizi wetu mnausema? Mti wa Kihaya ukifika ugenini lazima ujulikane umefika.

Fundi Bomba
Mleta mada, hujasema shamba lipo kilimani au bondeni. Maji yako wapi?

Kijana wa Vilimani
Sehemu kilimani, sehemu inashuka.

Fundi Bomba
Inashukia kwenye nini?

Kijana wa Vilimani
Kuna kinyungu, kile kishamba cha bondeni chenye unyevu. Na kichemchemi kidogo, hata sikiiti chanzo cha maji. Halafu wakuu, mlingoti unaonewa. Unakunywa sana kwa sababu unakua haraka, ukigawa maji kwa mbao unazopata si mbaya hata kidogo. Na jirani kapanda mpaka kwenye matope.

Fundi Bomba
Hesabu ya maji kwa mbao naijua, na haina uongo. Ila mtu anayechota hapo hapimi kwa mbao, anapima kwa ndoo. Huko juu panda, hakuna atakayekuuliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli ya kudumu, au inayoweza kuharibu chanzo cha maji, ndani ya mita 60. Haijasema kikubwa au kidogo.

Wa Nyeri
Huku Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira Michuki aliamuru mikaratusi, hiyo milingoti yenu, iliyo karibu na maji ing'olewe. Watu walinuna kwelikweli, wengine ilikuwa ndiyo karo ya watoto. Na waulize wa Baringo kuhusu mathenge, ule mti wa miiba. Uliletwa kuzuia jangwa, ukazuia hadi njia. Mbuzi wakila maganda yake meno yanaoza, mmoja asiye na meno akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi.

Omwami
Mbuzi aliapa kwa kitabu gani?

Kuni za Chai
Msipotoshe kijana. Viwanda vya chai hapa Mufindi vinakaushia majani kwa kuni za milingoti. Iondoeni yote muone watu watakavyouvamia msitu wa asili, hata wiki haitaisha.

Kijana wa Vilimani
Asante Kuni za Chai, wewe ndiye umenielewa. Na miche 3,000 nimeshalipia, siwezi kuitupa.

Mhasibu Mstaafu
Ngoja kwanza. Mita 3 kwa 3, ekari inabeba miche 450. Ekari 3 ni 1,350. Bana hadi mbili na nusu, hufiki 2,000. Wewe 3,000, unapanda mchicha? Akaunti yenyewe imefunguliwa jana. Wadau hii ni chai, stori ya kutunga, na kwa kuwa ni ya Mufindi, ni ya daraja la kwanza. Kesho mtasikia anauza miche.

Omwami
Nilishaanza kumhurumia. Sukari tafadhali.

Mama Hass
Nilijua tu. Mwenye shamba la kweli hakosi usingizi kwa ajili ya paina.

Kijana wa Vilimani
Siyo chai! Juu ni ekari 3. Chini kuna nyingine 2, ndicho hicho kinyungu. Ni cha shangazi, analima maharage ya kiangazi hapo tangu sijazaliwa. Kijana niliyemtuma alianzia huko Jumamosi, kapanda mistari sita ya milingoti. Shangazi sijamwambia. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie haina shida.

Mhasibu Mstaafu
3,000 gawanya kwa 5, miche 600 kwa ekari. Imekubali. Nafuta chai.

Fundi Bomba
Kwa hiyo muda wote huu swali lilikuwa shangazi.

Dingidongi
Mche wa wiki moja unang'oka kwa vidole viwili. Uache miaka mitatu, utaukata na utachipua, utaukata tena na utachipua, mpaka watoto wako warithi panga. Hapo kwenye maji weka mivengi, miti ya asili inayokaa na maji, wazee wa kule hawakuiacha bure. Mpigie simu leo.

Kijana wa Vilimani
Nimempigia. Aliing'oa yote Jumapili baada ya ibada. Kaipanga kivulini nyuma ya jiko na anaimwagilia kila jioni. Anasema alikuwa ananisubiri nianze mimi kusema.

Omwami
Shangazi apewe uongozi wa jukwaa.

Kuni za Chai
Huko juu panda 1,350. Hiyo inayobaki unauzaje? Nipo Mafinga, nakuja na Kenta.

Mhasibu Mstaafu
Si nilisema atauza miche?