Nimekodi RV (gari-nyumba) ya futi 25 kwenda maporomoko ya Niagara, siku 22 kabla ya safari naambiwa nimepewa ya futi 31 "bure". Hiyo bure ndo inaniua

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, kwahiyo kama kusoma huwezi pita tu, usije kuniambia nifupishe.

Mimi nipo New Jersey. Mama yangu mzazi yupo kwangu toka mwezi wa tano, na tarehe 28 mwezi wa nane anapanda ndege kurudi Tanzania. Kabla hajaja nilishamuahidi Niagara. Sasa mama ana magoti mabovu, halafu choo kwake kila baada ya dakika arobaini, kwenye kigari changu hawezi kukaa saa saba nane amekunja miguu. Ndo nikapata akili ya gari-nyumba, RV: choo ndani, kitanda ndani, anajinyoosha tukisimama, wajukuu wanacheza karata mezani, mke wangu anapika kambini. Karibu maili 400 kwenda na 400 kurudi. Nikaona hapo nimewini.

Wasiojua niwaambie kitu kimoja. Kempu za jimbo la New York unaruhusiwa kubuku miezi 9 kabla, na za karibu na Niagara kwa mwezi wa nane hazikai. Mimi nimeshika nafasi mwezi wa 11 mwaka jana, mama hata viza hajapata! Nimelipia nikamuachia Mungu. Iko upande wa Youngstown, kando ya Ziwa Ontario, kama maili 15 kutoka kwenye maporomoko. Nafasi yenyewe mwisho futi 28, nguzo ya umeme ampea 30, maji unajaza mlangoni, uchafu unamwaga kwenye kituo chao ukiondoka. Nikatafuta RV ya kuendana na nafasi. Sikubahatisha, nilipima, futi 25, ampea 30, nikalipa depoziti mwezi wa pili.

Jana usiku imeli inaingia. Kichwa cha habari eti "Habari njema kuhusu safari yako". Habari njema yenyewe ni kwamba gari yangu haipo tena, nimepewa kubwa zaidi, futi 31, bila kuongeza hata senti. Na alama ya kushangilia wameweka.

Wakuu, futi 31 kwenye nafasi ya futi 28. Hizo tatu naziweka wapi, kwenye hema la jirani?

Nikapiga simu. Nimesikilizishwa muziki dakika 35, anapokea dada mmoja mpole sana, ule upole wa mtu ambaye ameshaamua hakusaidii. Namwambia gari haitoshei. Ananijibu lakini kubwa si ni bora kuliko ndogo? Namwambia dada kempu ina kipimo. Anasema hilo mnamalizana na kempu. Kempu nimewapigia, wamenijibu vizuri tu kwamba hizo tarehe hakuna nafasi ndefu yoyote iliyobaki, nivizie labda mtu afute. Namrudia dada, basi nirudishieni hela yangu. Ndo ananisomea mkataba: ukivunja ndani ya siku 30 depoziti imekwenda, na kampuni ina haki ya kukupa gari hilo "au linalofanana nalo". Hesabu na mimi hapo. Dirisha la kurudishiwa linafungwa siku 30 kabla, imeli ya habari njema inakuja siku ya 22. Siku nane tu baada ya mlango kufungwa! Labda bahati mbaya. Mimi siamini.

Leo asubuhi nimeamka nimechukua tepu ya fundi nimeenda yadini kwao mwenyewe. Kijana wa kaunta ananiangalia kama nimekuja kung'oa tairi. Nikamwambia naomba nilione hilo gari langu linalofanana. Limepaki mwisho kule, refu kama basi la shule. Nimeweka tepu bampa ya mbele, nikamuomba ashike, akashika huku anachezea simu, nimetembea nalo mpaka kwenye ile ngazi ya nyuma: futi 31 na inchi 8. Hata hiyo 31 yao ni ya uongo.

Nikafungua kikabati cha ubavuni nikavuta waya wa umeme. Waya mnene kama mkono wa mtoto, plagi ina meno manne. Wanaojua washajua. Meno manne ni ampea 50, nguzo yangu kule ya ampea 30 ni meno matatu. Nikamuuliza kijana adapta iko wapi, akasema hiyo unanunua mwenyewe duka la vifaa vya kempu. Sawa, adapta sio mwisho wa dunia. Ila ampea 50 inakupa wati 12,000 na ile 30 inakupa wati 3,600, na hilo lidude lina AC mbili, moja mbele moja nyuma. Kwa nguzo yangu unawasha moja tu, na mke wangu akigusa maikroweivu wakati AC inaunguruma, brekka chini, giza, watoto wanapiga kelele, mimi nje na tochi. Halafu chumba cha mama ni cha nyuma. Nichague mwezi wa nane nani alale kwenye joto, mama yangu au wanangu?

Jenereta ipo, ndio, lakini kempu usiku hairuhusu kuunguruma, na kampuni inakutoza hela kwa kila saa unayoiwasha.

Tuje kwenye hela sasa, maana nishaona mtu anaandaa comment ya "RV ni rahisi kuliko hoteli". Na mimi nilisema hivyo hivyo. Tangazo lao ni dola 149 kwa usiku, siku nne, 596, ukiliona unatabasamu. Maili za bure ni 100 kwa usiku, yaani 400, zinaishia kwenye kufika tu. Mimi kwenda, kurudi na mizunguko ya kule nitatembea kama 900, kwahiyo 500 nalipia senti 45 kila moja: 225. Maandalizi ya gari 150, sijui wanaandaa nini maana nimelikuta na nyanya imekaukia kwenye sinki. Bima 35 kwa siku, 140. Sufuria na sahani 125, na sahani zenyewe za plastiki. Jumlisha, 1,236, na hapo sijaweka kodi wala tone la petroli, na hilo gari ukibahatika linakupa maili 9 kwa galoni, kwahiyo galoni 100 ziko mlangoni zinanisubiri. Bei imeshajizaa mara mbili na sijatoka hata getini.

Ningevumilia. Kweli ningevumilia kama ingekuwa gari niliyoiomba.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekwambia wakati unalipa. Ile hifadhi ya Niagara Falls State Park, hifadhi ya jimbo ya zamani kuliko zote Marekani, ya mwaka 1885, kuingia kwa miguu ni bure, unalipia paki na zile boti na mambo mengine. Ila ndani hakuna kulala. Kwahiyo kila ukitaka kwenda kuangalia maji, unang'oa nyumba nzima: unachomoa umeme, unakunja kivuli, unafunga makabati yasimwage vikombe kwenye kona, unamkalisha mama na mkanda, unaendesha maili 15 halafu unaanza kuitafutia paki nyumba ya futi 31 katikati ya watalii wa mwezi wa nane. Na makalio ya hilo gari yametokeza mbali nyuma ya tairi, ukikata kona kushoto yenyewe nyuma inachota kulia. Ile ya futi 25 nilishaifanyia mazoezi kichwani. Hii sijui hata inarudije rivasi.

Na saa. Gari unakabidhiwa saa saba mchana, sio dakika moja kabla, halafu unakalishwa uangalie video ya jinsi ya kumwaga choo. Tutoke saa nane, na mwendo wa lile gari na vituo vya mama tunafika saa nne usiku. Sasa sikilizeni. Maji ya Niagara yanapunguzwa, sio utani. Kuna mkataba wa mwaka 1950 kati ya Marekani na Kanada: kipindi cha watalii wakati wa mchana lazima yapite maporomokoni angalau mita za ujazo 2,832 kwa sekunde, ikifika saa nne usiku wanaruhusiwa kushusha mpaka nusu yake, mengine yanaenda kuzungusha mitambo ya umeme. Mpango wangu ulikuwa tutoke asubuhi, jioni ya siku ya kwanza mama ayaone yamejaa, kabla hajachoka na magoti hayajavimba. Kwenye simu mwezi wa pili waliniambia kuchukua gari asubuhi "inawezekana". Leo kijana wa kaunta ananiuliza nani alikwambia. Jina la aliyeniambia sikuandika. Hapo kosa ni langu nakubali.

Tena kuna la barabara. Tulipanga tumpitie shemeji yangu Yonkers, kule New York. Nikamuuliza kijana gari ina kimo gani, akafikiria, akasema "kama futi 12 hivi". Kama?? Zile parkway za kule, barabara za magari madogo tu, zina madaraja ambayo mengine hayafiki futi 10, RV haziruhusiwi kabisa, na simu yako haijui kama upo kwenye gari ndogo au kwenye nyumba, inakupeleka tu. Namuuliza nipite wapi, ananiambia fuata simu. Na hili gari lina mtungi wa gesi ya kupikia, tunnel za Lincoln na Holland, zile za chini ya mto kuingia New York, hawataki kuusikia. Hajui. Anakodisha magari haya kila siku na hajui! Shemeji nimemwambia apande treni aje kwetu.

NYONGEZA: naona maswali yanajirudia nijibu hapa hapa.

Mkuu uliyesema nihamie upande wa Kanada kuna kempu nyingi na view ni nzuri zaidi: view najua, lile poromoko la kiatu cha farasi ukiwa kule unalitazama usoni. Mama yangu ana viza ya Marekani na pasipoti ya Tanzania, Kanada wanataka viza yao. Daraja la Rainbow la kuvukia Kanada ataliangalia kwa macho tu.

Dada uliyeuliza kwanini nisikodi gari ya kawaida na hoteli: rudi juu usome kuhusu magoti na choo. Ila nakuelewa, mke wangu ameshaniuliza hilo mara tatu leo.

Na wewe uliyeandika "beba kuni zako upunguze gharama", usimdanganye mtu, New York kuni ambazo hazijapitishwa kwenye joto maalum huruhusiwi kuzisafirisha zaidi ya maili 50 kutoka zilikotoka, kwasababu ya wadudu wanaoua miti. Nunua huko huko.

Mama mwenyewe amenikuta jioni mezani na mkataba, miwani na kalkuleta, akasimama nyuma yangu kimya, baadae akasema, "Mwanangu, hayo maji si yapo kwenye simu? Nionyeshe tu humo." Nimeshindwa kumjibu wakuu.

Sasa naomba msaada wa wenye uzoefu, sio kejeli. Kuna mtu amewahi kupewa gari ndefu kuliko alilobuku akafanikiwa kurudishiwa hela? Imeli yao ya mwezi wa pili ninayo, imeandika futi 25 kwa namba na kwa maneno, na ukurasa wa kempu wenye ile futi 28 nimeuprinti. Benki nikiwaambia wazuie malipo ya kadi wanaweza kunisikiliza kabla ya safari au hadi niwe nimeshapata hasara? Na mwenye nafasi ndefu kule ziwani kuanzia tarehe 14 mpaka 18 anayefikiria kuifuta, tafadhali aniambie siku na saa atakayoifuta nikae macho.

Kesho saa tatu asubuhi meneja wao anakuwepo. Naenda na karatasi zangu, na tepu, na mama nampeleka pia, apande mwenyewe ngazi za lile gari meneja akiangalia. Nikirudi naleta mrejesho.