Mtoto anakohoa usiku Jinja, lakini Moroto hakukohoa: ni vumbi gani hili?

Mama Shafik, Walukuba

Salaam kwenu nyote. Naomba mawazo yenu, maana usiku silali kwa kumsikiliza mwanangu anavyohema.

Ana miaka saba. Tumepanga Walukuba, hapa Jinja, na barabara ya murramu inapita karibu kabisa na dirisha. Kiangazi hiki malori ya mchanga na boda boda zinapita kutwa. Jioni ukipitisha kidole juu ya meza kinatoka chekundu. Mchana mtoto hana neno, anacheza mpira na wenzake humo humo vumbini. Akishalala tu pua inaziba, kifua kinatoa mluzi, na alfajiri anapiga chafya mfululizo, macho yamevimba. Kliniki walisema ni aleji na pumu, wakatupa pampu ya bluu na vidonge, wakaniambia nipunguze vumbi ndani. Nafagia asubuhi na jioni. Madirisha nimeyafunga, nimeweka na pazia zito. Naona anazidi.

Kinachonichanganya ni hiki. Likizo ya Desemba alikwenda kwa baba yake, yuko kambini Moroto, huko Karamoja. Mnaoijua Karamoja mnalijua vumbi lake. Kule alilala kwenye mkeka na blanketi moja, na baba yake anasema usiku hakumsikia kukohoa. Amerudi Jinja, usiku ule ule tumeanza tena. Nihame nyumba?

Kijana wa Ntinda

Pole sana mama. Toa kapeti chumbani kwake na ununue mashine ya kufyonza vumbi. Mimi kapeti ilipotoka, chafya za asubuhi zilipungua sana.

Bibi Matroni, Tororo

Mama Shafik, pole mwanangu. Usihame. Hilo la Moroto ndilo jibu lako.

Nilikuwa matroni wa bweni la shule ya msingi mpaka nikastaafu, na magodoro ya watoto ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Vumbi la barabarani linachokoza kifua chenye pumu, sikatai. Lakini mtoto anayekimbia mzima ndani ya vumbi hilo mchana, kisha akabanwa mara tu anapoweka kichwa kwenye mto, kinachomdhuru kiko kitandani. Humo wanaishi utitiri wa vumbi. Ni ndugu wa utitiri wa kuku, ila hawa hawaumi na huwezi kuwaona kwa macho, urefu wao ni kama robo ya milimita. Wanakula magamba ya ngozi yanayotutoka tukilala. Aleji inaletwa na kinyesi chao na vipande vya miili yao. Mtoto anageuka usingizini, vinatimka, anavivuta. Zamani madaktari walijua kwamba vumbi la nyumbani linaamsha pumu, lakini ni mwaka 1964 watafiti wa Uholanzi walipoonyesha kwamba aliyemo ndani ya vumbi hilo ni huyu mdudu.

Sasa, utitiri hawanywi maji. Unyevu wanaupata hewani. Hewa ikikaa kavu, unyevu ukawa chini ya asilimia 50, wanakauka na kufa. Jinja mna ziwa mbele na Nile pembeni, hewa yenu ni ya unyevunyevu. Karamoja ni kukavu, na mkeka hauna sponji ya kuwaficha. Ndiyo maana mwanao alivuta vumbi jingi kule na bado akalala.

Kwa hiyo anza na godoro, na ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, iende hapo. Nunua makintoshi, ile plastiki nene isiyopitisha maji tunayowaagiza wazazi walete shuleni. Usitandike kipande juu tu kama kwa watoto wanaokojoa. Mpelekee fundi cherehani akushonee mfuko unaomeza godoro zima, juu, chini na ubavuni, wenye zipu, kisha ubandike selotepu pana juu ya zipu. Godoro lipigwe na lianikwe juani kutwa kabla ya kuvalishwa. Baada ya hapo kazi yako ni kuupangusa mfuko kwa kitambaa kibichi kila wiki na kutandika shuka la pamba juu yake ili asitokwe na jasho. Mto nao uvalishwe vivyo hivyo. Kama ni wa sufi wa miaka mingi, mtafutie mpya. Lile kaveera, yaani plastiki jembamba, linalokuja na godoro jipya usilitegemee, linachanika upesi, na kwa mtoto mchanga linaweza kuziba pumzi.

Shuka, foronya na blanketi nyepesi zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Maji baridi yanaondoa kinyesi, lakini utitiri wengi wanabaki hai wameng'ang'ania nyuzi. Joto linalowaua ni nyuzi 60. Kipimajoto si lazima. Kwenye mwinuko wetu huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo jagi mbili za maji yanayotokota na jagi moja la bomba zinakupa nyuzi 70 na kidogo, na beseni na nguo zitameza joto lililozidi. Loweka nusu saa, geuza kwa mti, watoto wakae mbali kabisa na beseni. Mablanketi mazito ya manyoya yataharibika kwa maji hayo. Yaanike jua la saa sita mpaka saa tisa, uyageuze, kisha uyafue kwa maji ya kawaida, maana jua linaua lakini halitoi uchafu waliouacha.

Na kufagia, naomba uache chumbani kwake. Ufagio mkavu unalirusha vumbi hewani na linaelea kitambo kabla ya kutua. Piga deki kwa tambara bichi, yeye akiwa shuleni. Mashine anayosema kijana wetu ni nzuri ikiwa na kichujio cha HEPA, kile kinachonasa hata vumbi laini kabisa. Za bei rahisi zinatema nyuma kile zilichofyonza mbele.

Madirisha yafungue. Najua unaogopa barabara, lakini umefungia ndani jasho, pumzi na mvuke wa jikoni, na huo unyevu ndio chakula cha balaa. Fungua yale yasiyotazama barabara, kuanzia saa nne mpaka saa kumi jua likiwaka. Mvua zikianza, usianike nguo chumbani anakolala.

Klinikal Ofisa, Arua

Namuunga mkono bibi, na mama nina nyongeza ya dawa, kwa sababu mfuko wa godoro peke yake hautibu pumu. Kwa watu wazima utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2003 haukuona faida ya kufunika magodoro tu. Kwa watoto matokeo yamekuwa mazuri zaidi. Huko Manchester walifuatilia watoto 284 wenye pumu na aleji ya utitiri, wakachapisha mwaka 2017. Katika mwaka mmoja, waliokimbizwa hospitali kwa kubanwa walikuwa asilimia 29 ya waliofunikiwa vitanda, na asilimia 41 na zaidi kwa wale wengine. Inafaa kuifanya, pamoja na dawa.

Pampu ya bluu inafungua njia ya hewa kwa saa chache. Uvimbe wa ndani haiugusi. Mtoto anayetoa mluzi kila usiku aangaliwe kama anahitaji pampu ya kuzuia, yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe huo), ya kuvuta kila siku. Rudi kliniki uulize hilo kwa jina lake. Umri wake avute kupitia chombo cha kati (spacer), kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafanya kazi vizuri, wahudumu watakuonyesha.

Chunguza mende pia. Kinyesi chao kinaleta aleji kama cha utitiri. Na sigiri, jiko la makaa, iwashwe nje. Akibanwa mpaka hawezi kumaliza sentensi, au mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, usingoje asubuhi, mpe pampu na mwende hospitali.

Mama Shafik, Walukuba

Mungu awabariki. Nimesoma nikalia kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Kliniki nitakwenda Jumatatu. Bibi, swali moja: neti yake ni ile ya kugawiwa na serikali, imejaa vumbi jekundu. Nayo niichemshie maji na kuianika juani?

Bibi Matroni, Tororo

Hapana, mwanangu, neti usiiguse kwa maji ya moto! Ina dawa ya mbu ndani ya nyuzi, na kwetu malaria inaua watoto. Ifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida ya mche, bila jiki, bila kuisugua kwa nguvu, kisha uianike kivulini. Jua linaimaliza dawa. Imetengenezwa ivumilie kufuliwa kama mara 20, kwa hiyo usiifue kila wiki na mashuka. Katikati ya hapo ikung'ute nje, yeye akiwa hayupo, na asubuhi uifunge fundo juu isilale kitandani ikikusanya vumbi.

Pazia zito lishushe, weka la kitenge jepesi utakaloweza kufua na mashuka. Na kabla ya kwenda kwa fundi, pima unene wa godoro pia, si urefu na upana tu, wengi wanasahau na mfuko unakataa kufunga.