Damu ya mke wangu imeshuka: je, rozela na unga wa mlonge vinatosha bila vidonge vya kliniki?

Mwanzisha mada, Mufindi

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Wakubwa zangu, shikamooni. Mke wangu ana ujauzito wa miezi mitano, nasi tunaishi Mufindi, ambako nafanya kazi katika shamba la chai. Wiki iliyopita kipimo cha damu kilisoma 9.4, akapewa vidonge vya kuongeza damu, lakini baada ya siku tatu alipata kichefuchefu, choo kikawa kigumu na cheusi, naye akaviweka kando kwa hofu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tukuyu kumwangalia, anashikilia kwamba juisi ya rozela na bitiruti pamoja na kijiko cha unga wa mlonge kwenye uji vinatosha, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyotumia katika mimba zake zote. Jirani naye ameleta kopo la virutubisho la shilingi 85,000, akisema ni mimea mitupu, hivyo halina madhara. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala sitaki kuhatarisha afya ya mke wangu na mtoto. Nifuate lipi?

Muuguzi mstaafu, Rungwe

Marahaba, mwanangu. Kwa mjamzito, damu iliyo chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa pungufu, kwa hiyo 9.4 si jambo la kusubiri. Choo cheusi kisikutishe, maana ni chuma, yaani madini ya kujenga damu yaliyomo kwenye vidonge, ambacho mwili haukukifyonza. Kichefuchefu mara nyingi hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala, na choo kigumu hulegea kwa maji mengi, mboga na matunda. Hali ikiendelea, mrudishe kliniki abadilishiwe vidonge badala ya kuviacha kimyakimya.

Kuhusu bitiruti na rozela, wengi hudanganywa na rangi. Wekundu ule ni rangi ya mmea tu, hauna uhusiano na damu. Gramu 100 za bitiruti zina chini kidogo ya miligramu moja ya chuma, ilhali mjamzito anahitaji takribani miligramu 27 kwa siku kutoka katika chakula. Piga hesabu mwenyewe ni kilo ngapi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza apate pia kidonge chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na mikrogramu 400 za foliki asidi, na kwa ambaye damu imekwisha kushuka kliniki inaweza kuongeza dozi.

Sasa nikuulize swali ambalo hukuligusa: mkeo anakunywa chai saa ngapi? Nimefanya kazi miaka mingi katika wilaya ya chai, na nimeona akina mama wanaokula maharage na mboga za majani vizuri kabisa, kisha wanashushia kikombe cha chai palepale mezani. Tanini iliyomo kwenye chai hushikana na chuma cha mimea tumboni, na ufyonzaji unaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Kahawa haina nafuu. Chai inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo, na kidonge kimezwe kwa maji pamoja na chungwa au limau, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kupita. Usipa wa Ziwa Nyasa wakipatikana, waongezwe kwenye mboga, kwani samaki na nyama husaidia hata chuma cha maharage kufyonzwa.

Muulize pia mkeo, kwa upole, kama anakula udongo. Wengi huficha, nao udongo unaweza kuzuia chuma na kuleta minyoo.

Muuza viungo, Mwanjelwa

Mimi nauza unga wa mlonge, kwa hiyo nasema nikijua ninachopoteza. Majani yake ni mboga nzuri, na mama mkwe hajakosea kuyaweka kwenye uji. Hata hivyo, hakikisheni unga ni wa majani peke yake: mizizi na magamba ya mlonge hayafai kabisa kwa mjamzito, na kwenye unga uliokwisha kusagwa mnunuzi hawezi kutofautisha kwa macho. Kopo lile la jirani, geuzeni msome nyuma. Kama halitaji miligramu za chuma, basi mnanunua maneno.

Fundi sanifu wa maabara, Njombe

Naongeza dogo. Huku nyanda za juu, ambako hewa ya oksijeni ni hafifu, mwili hutengeneza damu nyingi kuliko pwani, ndiyo maana kipimo hurekebishwa kwa kupunguzwa kidogo kulingana na mwinuko. Kwa hiyo 9.4 ya Mufindi ni upungufu mkubwa zaidi kuliko 9.4 ya Dar es Salaam. Aulizie pia vipimo vya malaria na minyoo.

Mwanzisha mada, Mufindi

Ndaga fijo, yaani asante sana, mama yangu wa Rungwe, nanyi nyote. Chai kwetu ilikuwa mezani asubuhi, mchana na jioni, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Tumerudi kliniki jana. Ameambiwa aendelee na vidonge, ameze usiku, na kipimo kitarudiwa baada ya wiki nne. Uji wa mlonge unaendelea na mama ameridhika, kopo limerudishwa kwa jirani. Kazi iliyobaki ni kumshawishi mama mkwe asimmiminie mwanawe chai kabla hajamaliza kula.