Asilimia 90 ya kuruka kwa mguu mmoja itoshe kumrudisha mchezaji dimbani?

Wadau wa michezo, hili mimi nalipinga waziwazi, na anayeliunga mkono ajitokeze tubishane kwa hoja.

Mchezaji kakatika ACL (kano ya ndani ya goti inayolishikilia lisiyumbe), kafanyiwa upasuaji, kakaa nje miezi. Siku ya kupimwa anaruka kwa mguu mmoja: mruko mmoja, mitatu mfululizo, mitatu ya kukatisha mstari, halafu mita 6 kwa kuhesabiwa muda. Mguu uliopasuliwa ukifikia asilimia 90 ya mwenzake, basi, kapona.

Watetezi husema kipimo hiki kinaaminika. Kweli, ukimpima leo na ukarudia wiki ijayo, futi (tepu ya kupimia) itakupa karibu namba ileile. Lakini futi inapima umbali, haipimi goti! Watafiti wa Aspetar, hospitali ya tiba ya michezo kule Doha, Qatar, waliwachunguza wanamichezo waliokwisha ruhusiwa kurudi, ambao miguu yao miwili ilikuwa ikiruka karibu sawa. Kumbe goti lililopasuliwa lilikuwa bado linakwepa kazi, nyonga ndiyo inalibebea. Na huo mguu "mzima" tunaoufanya kigezo nao umedhoofika kwa kukaa bila mazoezi. Unamlinganisha mgonjwa na mgonjwa.

Najua nitatajiwa utafiti wa Delaware (Marekani) na Oslo (Norwe) wa 2016: waliorudi bila kufaulu vipimo, asilimia 38 waliumia goti tena ndani ya miaka miwili, waliofaulu, chini ya asilimia 6. Naukubali kabisa. Ila someni vizuri walifaulu nini: pamoja na kuruka kulikuwa na nguvu za msuli wa mbele wa paja, na maswali kuhusu hali ya goti lenyewe. Tena utafiti huohuo ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufika miezi 9 tangu upasuaji, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Kocha mwenye mechi ya fainali wiki ijayo hataki kuisikia hiyo.

Msimamo wangu: kabla ya miezi 9 asicheze, hata akiruka kama swala. Baada ya hapo apimwe nguvu za paja kwanza, kuruka kufuate.

Ninyi mnaowahudumia wachezaji mahali ambapo mashine ya kupima nguvu za paja haipo, futi tu ndiyo iliyopo, mnaamuaje? Na mmewahi kumzuia mchezaji aliyefaulu kuruka?