Mama "kapumzishwa" kanisani tangu Februari. Hii likizo inaisha lini?

Zabibu_Chachu (Nkuhungu, Dodoma)
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Naomba msaada wa lugha, zaidi kuliko wa dini.

Mama yangu kaimba kwaya ya akina mama miaka 19. Mwezi wa kwanza mdogo wangu aliolewa na kijana wa Kirangi, kwao Kondoa, ndoa ya Kiislamu. Mama akaenda. Mtoto wake anaolewa, asiende? Kala pilau, kapiga vigelegele, karudi na doti mbili za kanga. Picha zilifika kwa wazee wa kanisa kabla basi halijaingia Dodoma.

Baada ya wiki mbili akaitwa. Hakuna aliyemfokea. Walimpa soda, wakamwombea, wakasema: "Mama, tumeona upumzike huduma kidogo, upate muda wa kulelewa." Akarudi nyumbani anatuambia kapewa likizo!

Jumamosi yake katibu wa kwaya akaja kuchukua sare. "Tunakutunzia tu, mama." Sare imeshonwa kwa kipimo cha mama, na mama yangu si mwembamba, sijui itamtosha nani mwingine. Jioni akaondolewa kwenye grupu la WhatsApp. Simu yake iko kwa Kiswahili, ikaandika hivyohivyo, kwamba ameondolewa. Ndiyo mara pekee neno lenyewe lilitajwa, na aliyelitaja ni simu.

Wenzake walikuwa wanakuja kwetu kila Alhamisi, wanachambua karanga na kusema watu. Siku hizi wanapita barabarani, "Tunakuombea mama!", hao. Kilichoniuma zaidi ni msiba wa Ipagala mwezi wa nne. Mama kakaa na wenzie anachagua mchele. Mmoja akamwondolea ungo mapajani, polepole kabisa, akamwambia: "Wewe pumzika, mama." Akabaki amekaa, mikono mitupu, mpaka tunaenda kuzika.

Sasa nauliza, kupumzishwa ndiyo kutengwa? Na tarehe ya mwisho anayo nani?

Mzee_wa_Mpwapwa
Marahaba mwanangu. Pole, na mpe pole mama.

Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, pengine si dhehebu lenu. Sisi zamani tulisema kutengwa, basi. Jina linasomwa mbele ya ibada, kosa linatajwa, Meza ya Bwana huikaribii. Sisifii. Nimeona mabinti wakisimamishwa kwa sababu ya mimba, na mwenye mimba yuko palepale anaimba besi. Lakini kulikuwa na kurudi kundini. Siku inapangwa, unasimama mbele ya watu walewale, mchungaji anakushika mkono, unashiriki kama wengine. Bibi mmoja alirudi akapikiwa na ugali wa uwele.

Aliyetengwa hurudi kundini. Aliyepumzishwa atarudije, na wanasema hajatoka? Mama aombe barua. Si kwa shari, aombe tu.

Kipande_cha_Muhogo
Dada, sisi si ndio tunakaa makao makuu ya serikali? "Uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine." Mama kapangiwa ipi? 😂 Natania, pole sana.

Msomaji_Manyoni
Hilo la kubadili maneno liko kwingi. Mashahidi wa Yehova walikuwa wakisema "kutengwa na ushirika". Mwaka 2024, katika Mnara wa Mlinzi wa Agosti, neno hilo likaachwa, sasa ni kuondolewa kutanikoni. Tuwe wakweli, halikubadilika neno tu: aliyeondolewa akija mkutanoni sasa anaweza kupewa salamu fupi, jambo ambalo mwanzo halikuruhusiwa, ingawa wale wanaoitwa waasi-imani hawamo. Kukaa naye mezani au kupiga naye soga bado hapana. Na kwa miaka mingi tangazo la jukwaani lilikuwa moja, kwamba fulani si Shahidi wa Yehova tena, awe kaondoka mwenyewe au kaondolewa. Wewe uliyekaa kwenye kiti utajuaje?

Linganisha na Waadventista Wasabato. Mwongozo wao una karipio, na muda lazima utajwe: mwezi 1 hadi miezi 12. Kumwondoa mtu kabisa ni kura ya washiriki, wazee peke yao hawawezi. Unaweza usiipende hukumu, ila kalenda unayo ukutani.

Ile aya wanayopenda kuitumia, Mathayo 18:17, inasema "na awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru". Nenda soko la Majengo asubuhi: mtoza ushuru anasalimiwa na kila mtu, tena kwa heshima. Na Yesu mwenyewe alikula nao.

Mzee_wa_Mpwapwa
Msomaji, hapo kwa mtoza ushuru umenichekesha. Ila Paulo kwa Wakorintho hakuzunguka, kasema "mwondoeni". Bora yeye, unamwelewa.

Zabibu_Chachu
Asanteni, nimemsomea mama yote. Kwa mtoza ushuru akacheka mpaka akashika ubavu. Sijamwona akicheka hivyo tangu Kondoa.

Barua kaomba, leo kampigia mzee wa kanisa akaweka spika. "Barua ya nini, mama? Wewe hujafukuzwa, wewe ni wetu." Mama akamjibu, vizuri baba, kama sijafukuzwa basi Jumapili naja kuimba, mniletee sare yangu. Kimya. Nikadhani salio limeisha.

Halafu akasema sare ilishapelekwa kwa fundi, imepunguzwa.