Tupeane uzoefu: Draft ya Fantasy EPL, wewe unaanza na nani?

Wakuu, kijiwe chetu hapa Kinondoni tumechoka na Fantasy ya bajeti ya milioni 100 (ule mchezo wa mtandaoni wa kukusanya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, EPL, na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani), kila mtu ana Haaland yule yule. Msimu huu ni draft: tunachagua kwa zamu, mchezaji akishachukuliwa kwenye ligi yenu basi, hakuna bei, hakuna kapteni. Tuko wanane, kila mmoja wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, mastraika 3. Mliocheza, mlichaguaje?

Mdau wa Sinza: Piga hesabu kwanza mkuu. Watu wanane mara mastraika watatu ni 24. EPL ina timu 20, na nyingi zinasimamisha mmoja tu mbele. Kuna watu watabaki na straika anayesugua benchi. Mimi nabeba wawili ndani ya raundi nne za mwanzo. Makipa wanatakiwa 16 tu, hao waache mpaka mwisho kabisa.

Mdau wa Mbagala: Hapo kwa mastraika napinga. Bao la kiungo ni pointi 5, la straika 4. Msimu wa 2024/25 Salah alifunga 29 na asisti 18, na Fantasy ilimweka kwenye viungo! Kwetu mwenye zamu ya kwanza alimbeba yeye akamwacha Haaland, kijiwe kizima tukamcheka. Kufika Krismasi hakuna aliyekuwa anacheka.

Mdau wa Tabata: Wengi wanaogopa zamu ya mwisho bure. Uchaguzi unakwenda kama nyoka, unageuka: mkiwa wanane, wa mwisho anachukua wa 8 na wa 9 papo hapo, kisha anasubiri mpaka wa 24 na wa 25. Mimi naipenda hiyo. Nikiona watu wanakimbilia mabeki, nabeba viungo wawili kwa mkupuo.

Ila pangeni mapema orodha za wachezaji mnaowataka. Jamaa yetu zamu ilimkuta kwenye mwendokasi, kabanwa mlangoni pale Kimara, bando limekata. Orodha hana. Mfumo ukamchagulia wenyewe, na alivyofika nyumbani alikuta jina hata kulitamka hawezi.

Mdau wa Temeke: Na AFCON je? Ile ya Morocco ilianza Desemba 21, 2025, Salah na Mbeumo wote wakaondoka. Kwenye draft mbadala wa maana hupati, washachukuliwa. Usirundike Waafrika watatu kikosi kimoja, hata kama moyo unataka.

Mdau wa Sinza: Wa Mbagala, huyo aliyembeba Salah mlimpangia zamu ya kwanza kwa kura au kwa kujuana?