Wapangaji wa milango hawalipi tangu Machi, na benki haisubiri

Ghorofa_Mkunazini
Asalaam aleykum. Nina jengo la ghorofa moja Mji Mkongwe, chini kuna milango minne ya biashara, kila mmoja kodi yake 700,000 kwa mwezi. Rejesho la benki ni 1,650,000, na mlinzi, maji na umeme wa ngazi hula kama 250,000. Wawili wanalipa vizuri: duka la simu na la vitambaa. Wawili wa vinyago na viungo hawajatoa kitu Machi, Aprili na Mei, wanasema wageni hakuna. Kila mwezi inapungua 500,000. Nifunge kufuli nitafute wapangaji wengine, au nifanyeje? Na benki niende sasa au ningoje msimu wa wageni?

Hesabu_za_Darajani
Waaleykum salaam. Kabla ya kufuli, piga hesabu ya mlango mtupu. Ukimtoa mtu mwishoni mwa masika, kuupangisha tena kwa bei ileile kunaweza kuchukua miezi mitatu: 2,100,000 zimekwenda. Dalali akitaka kodi ya mwezi mmoja, ongeza 700,000. Jumla 2,800,000, na rangi na milango ya mbao bado. Mpangaji mmoja anadaiwa 2,100,000. Kumtoa kuna faida pale tu ambapo hata msimu ukirudi hatalipa.

Hilo ndilo la kupima, na maneno yake hayatoshi. Mwambie alete daftari la mauzo au risiti za Julai na Agosti mwaka jana. Kama mauzo ya miezi ile yaliibeba kodi na kubakisha, ana biashara na kinachomsumbua ni kalenda. Kama hata Agosti alikuwa anakwama, huyo muagane kwa wema mapema, maana deni linakua tu.

Mwenye biashara mpangie upya kwa maandishi. Deni la 2,100,000 aligawe kwa miezi saba, Julai hadi Januari: 300,000 juu ya kodi ya kawaida. Andikeni kwamba deni limeahirishwa, halijasamehewa, na kwamba akikosa awamu mbili mfululizo lote lililobaki linadaiwa mara moja. Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiona ya ukali wakaiacha, na ndiyo inayoyapa nguvu makubaliano yote.

Mkataba ukifika kuhuishwa, kwa maduka ya watalii achana na kodi ya kiwango kimoja mwaka mzima. Aprili, Mei na Novemba tozeni 350,000, miezi tisa iliyobaki kama 817,000. Mwaka unabaki 8,400,000 ileile. Duka la vitambaa usiliguse: lina Ramadhani na sikukuu zake, kalenda nyingine kabisa.

Bi_Rejesho
Ndugu, benki nenda wiki hii. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa chechefu, yaani mkopo usiolipwa ipasavyo, na hapo afisa wako hana tena uhuru aliokuwa nao. Mteja anayekuja na pengo la 500,000 huku bado analipa husikilizwa kuliko anayekuja baada ya kukwama.

Chukua mikataba minne, taarifa ya akaunti ya miezi 12, orodha ya madeni ya wapangaji, na hayo makubaliano aliyoyataja Hesabu yakiwa yamesainiwa. Usiombe kusamehewa malipo yote. Omba miezi mitatu au minne ya kulipa riba peke yake, au muda urefushwe ili rejesho lishuke hadi unachoweza, tuseme 1,150,000. Elewa gharama yake: muda ukirefuka, jumla ya riba inapanda.

Kama ulichukua kwa murabaha, yaani benki ya kiislamu ilinunua ikakuuzia kwa bei yenye faida yake, hesabu ni nyingine. Bei ilishafungwa siku ya mauziano, hivyo kinachoweza kusogezwa ni muda, bila nyongeza juu ya bei. Uliza pia faini ya kuchelewa, kwani katika utaratibu wa kiislamu hiyo huelekezwa kwenye sadaka, si faida ya benki. Somo likikupita, muulize afisa akuandikie jedwali jipya kabla ya kusaini chochote.

Mkataba_Kwanza
Kufuli ni mtego. Ukifunga mlango na mali ya mtu iko ndani, umegeuka mlinzi wa mali hiyo. Viungo vikiota ukungu au akidai sanamu kumi zimepotea, mdaiwa ni wewe. Njia salama: barua ya madai yenye miezi na kiasi, muda wa kujibu kama mkataba unavyosema, nakala yenye saini yake ya kupokea. Asipojibu, barua ya pili ya kuvunja mkataba, kisha vyombo vya sheria. Siku ya kukabidhi, orodhesheni mali pamoja na sheha (kiongozi wa shehia) au shahidi wake.

Angalia pia kama mkataba umelipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa hukuletea tabu ukitaka kuutumia kama ushahidi, na ndiyo siku mtu anapogundua aliokoa kidogo akapoteza kingi.

Na kama jengo ni la wakfu na wewe mwenyewe ni mpangaji, rudi nyuma kabisa: soma kama unaruhusiwa kupangisha wengine kabla hujamshitaki mtu.

Ghorofa_Mkunazini
Si wakfu, ni letu. Mwenye viungo anasema Januari na Februari alikata 10% ya kodi kwa ajili ya serikali. Hiyo ni deni au si deni?

Hesabu_za_Darajani
Ni kodi ya zuio. Mpangaji mfanyabiashara anapaswa kuikata kwenye kodi ya pango na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato), kisha akupe cheti. Basi mdai cheti. Akileta, 140,000 ya miezi hiyo miwili si deni. Hana cheti, amekata na kubaki nayo mfukoni: iingize kwenye orodha ya madai.

Mkataba_Kwanza
Nyongeza moja, maana nimeona watu wakibana matumizi pasipostahiki. Usikate fedha za paa. Masika ndiyo hiyo hiyo miezi wapangaji wanayokwama, na ndiyo maji yanapopenya kwenye dari ya boriti. Ukuta wa mawe na chokaa ukilowa mfululizo unavimba na kumomonyoka, boriti zinaoza kwenye ncha zilizoingia ukutani, na ukarabati wa Mji Mkongwe unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Mlinzi wa usiku mnaweza kuchangia na jirani. Mifereji ya paa isafishwe mwishoni mwa Februari, kabla mvua haijaanza.